UZI: Kabla hujapanda meli ya nje, isome bendera yake na karatasi iliyo ukutani

Serahangi Mstaafu

Wakuu, habari za humu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi asome jioni.

Nimekula bahari miaka ishirini na kidogo, nikamalizia na cheo cha userahangi, yaani msimamizi wa mabaharia wa sitahani. Sasa nipo nchi kavu. Juzi kijana wa mtaani kwetu alikuja nyumbani na mkataba wa kazi melini, kurasa mbili, zimepigwa picha kwa simu. Mshahara umetajwa mara tatu. Jina la mwenye meli halipo, bendera (nchi meli iliposajiliwa) haipo, namba ya IMO, ile ya kuitambulisha meli, haipo. Nikamuuliza, "Meli gani hii?" Akajibu, "Tanka, baba. Jina nitapewa nikifika Dubai." Usiku ule sikulala vizuri, ndiyo maana naandika.

Nianze na yaliyonikuta mwenyewe.

Mwaka 2018 nilikuwa kwenye meli ndogo ya mizigo, tumetia nanga nje ya bandari moja ya Ghuba. Tulikuwa kruu tisa. Mwezi wa kwanza mshahara ukachelewa. Wa pili simu ya ofisi ikawa inaita haipokelewi. Wa tatu haiiti kabisa. Dizeli ilipokaribia kwisha tukawa tunawasha jenereta saa mbili tu kwa siku, moja alfajiri na moja jioni, tupike na kuchaji simu. Ndani ya saa hizo mbili ndipo tulipokinga maji: kila kiyoyozi kina ndoo chini ya bomba lake, na yale matone ndiyo ya kunywa. Mchele ulikuwa umeingia wadudu, mpishi anaupepeta kwenye sitaha kwa trei ya kuokea mikate, sisi tumemzunguka tunamwangalia kama watoto wanaosubiri chakula.

Kwenye korido ya kuingilia chumba cha kulia palikuwa na karatasi ndani ya fremu ya plastiki. Nilikuwa nimepita mbele yake miezi saba, asubuhi, mchana na usiku, sijawahi kuisoma. Siku moja chifu injinia, mtu mzima wa Myanmar, alinishika mkono akanisogeza pale, akaweka kidole kwenye mstari wa chini. Kilikuwa cheti cha bima ya mabaharia waliotelekezwa. Muda wake ulikuwa umekwisha siku hamsini na moja kabla.

Tulirudi makwetu mwezi wa sita tangu tutie nanga. Mshahara niliouona mkononi ni wa mwezi mmoja na nusu. Ningeisoma karatasi ile siku ninapanda, ningeshukia bandari iliyofuata.

Serahangi Mstaafu

Naendelea. Sasa sheria, kwa lugha ya sitahani.

Sheria mama ya kazi zetu ni Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, wenyewe huuita MLC. Ulipitishwa Geneva Februari 2006 chini ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, ukaanza kufanya kazi Agosti 2013. Kenya iliuridhia 2014, Tanzania 2019.

Ulipoanza ulikuwa na tundu. Ulisema lazima kuwe na dhamana ya kumrudisha baharia kwao, lakini haukusema baharia mwenyewe ataishikaje dhamana hiyo mwenye meli akizima simu. Kwa hiyo mtu alikuwa na haki, ila hana mlango wa kugonga.

Mfano mtaukumbuka wote. Meli ya Rhosus, bendera ya Moldova, iliingia Beirut Novemba 2013 na tani 2,750 za amonia naitreti. Ikazuiwa na mamlaka za bandari, mwenye meli akaiacha. Nahodha na wenzake watatu wakakaa humo hadi 2014, hawana mshahara, hawaruhusiwi kushuka, na chini ya miguu yao kuna ule mzigo. Mzigo ukahamishiwa ghalani. Tarehe 4 Agosti 2020 ukalipuka, watu zaidi ya 200 wakafa. Dunia inaikumbuka ile kama habari ya Beirut, na ni haki. Mimi kila nikiiona naanza kuwafikiria wale wanne waliopiga kelele mapema.

Tundu lilizibwa na marekebisho ya 2014, yaliyoanza kazi 18 Januari 2017. Hapa ndipo ninapotaka kila kijana asome mara mbili. Sheria sasa inasema umetelekezwa ikiwa mwenye meli hajakulipia nauli ya kurudi kwenu, au amekuacha bila chakula na matunzo, au amekata uhusiano na wewe, na hapo imo kutokulipa mshahara kwa miezi miwili au zaidi. Likitokea moja tu, inatosha. Huhitaji kungoja yote matatu.

Na ikishatokea, unadai moja kwa moja kwa mtoa bima, huna haja ya kumtafuta tajiri aliyekimbia. Bima inatakiwa kulipa nauli yako, chakula, maji, matibabu, mafuta ya kuwawezesha kuishi humo melini, na mshahara unaodai hadi miezi minne. Miezi minne, wakuu. Anayekaa mwaka mzima akisema "nasubiri, bosi ameahidi", miezi minane iliyobaki anaitafuta kwingine.

Cheti cha bima hiyo lazima kiwe melini na kibandikwe mahali mabaharia wanapokiona. Ndiyo ile karatasi ya koridoni. Ukipanda, kabla hujafungua begi, kitafute. Angalia jina la meli, namba ya IMO, jina na mawasiliano ya mtoa bima, tarehe ya mwisho. Kipige picha, mtumie mkeo au mama yako. Bima haiwezi kukatwa katikati ya muda wake kimyakimya: mtoa bima lazima aipe nchi ya bendera taarifa ya siku 30 kabla.

Kuna marekebisho mengine yaliyoanza Desemba 2024, ya maji safi ya kunywa bila malipo, vifaa vya kinga vinavyomtosha mtu mwili wake, na mawasiliano ya intaneti melini. Mazuri, ila leo nabaki kwenye kutelekezwa, kwa sababu ndiko watu wanakoumia. ITF, shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa usafirishaji duniani, lilihesabu meli 312 zilizotelekezwa mwaka 2024, na mabaharia 3,133 ndani yake.

KijanaWaChuo

Mkuu shikamoo. Nimemaliza kozi za msingi, kitabu cha baharia ninacho. Wakala mmoja ananidai milioni mbili na nusu, anasema ni ya kuhangaikia nafasi, na nikishapanda atakata mshahara wa mwezi wa kwanza. Wenzangu wote wamelipa. Hii imekaaje?

Serahangi Mstaafu

Marahaba mwanangu. Imekaa vibaya. MLC inakataza wakala kumtoza baharia pesa ya kumtafutia kazi, iwe yote au nusu, iwe mkononi au kwa kukatwa mshahara. Unachogharamia wewe ni vitatu: cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Hata viza ni ya mwenye meli.

Nenda ukaulize kama wakala huyo ana leseni. Mamlaka za kuuliza ni hizi: Tanzania Bara ni TASAC, Zanzibar ni ZMA, Kenya ni KMA. Kuuliza ni bure. Ukiona wakala anakwepa kukutajia namba ya leseni yake, jibu umeshalipata.

Halafu kuhusu mshahara. ILO huweka kima cha chini cha mshahara wa msingi cha baharia mwenye ujuzi wa sitahani. Mwaka 2025 kilikuwa dola 673 kwa mwezi, Januari 2026 kimepanda hadi 690. Ni mshahara wa msingi tu, ovataimu haimo. Ukipewa mkataba wa dola 350 jua unauzwa rahisi. Na ukipewa mara tatu ya kawaida kwa kazi ya kwanza maishani, jiulize meli hiyo inabeba nini hata wazoefu wameikimbia.

Mtu wa Forodhani

Serahangi nakuheshimu ila kichwa cha uzi kinawaambia vijana waogope bendera, na hapo naona mnatupaka matope sote, hata sisi wa Zanzibar. Rejista huria, yaani nchi kusajili meli za wageni, si dhambi. Panama, Liberia na visiwa vya Marshall ndizo zinazoongoza duniani na hakuna anayezitukana. Zanzibar nayo ikisajili meli za wageni inapata mapato, vijana wetu wanapata ajira. Tatizo liko wapi?

Serahangi Mstaafu

Kaka, nimefanya kazi chini ya bendera ya Liberia na nililipwa kila tarehe ya mwisho wa mwezi, kwa hiyo hapo tupo pamoja. Rejista ya Liberia inaendeshwa kutoka Virginia, Marekani, na ukiwaandikia barua wanajibu. Hicho ndicho kipimo changu: ukipata shida saa tisa usiku, nchi ya bendera yako itapokea simu?

Sheria ya Bahari ya Umoja wa Mataifa ya 1982, kifungu cha 91, inataka kuwe na uhusiano wa kweli kati ya meli na nchi ya bendera. Cha 94 kinaiamuru nchi hiyo isimamie meli kweli: usalama wake, vyeti vya nahodha na maofisa, hali za kazi za kruu. Ukishapanda, sheria inayokutawala humo ndani ni ya bendera. Sasa nchi ikiuza bendera kwa wakala wa mji wa mbali, haijui meli iko wapi wala nani anaimiliki, hicho kifungu cha 94 nani anakitekeleza?

Na sisi tumeshaungua. Mwaka 2012 matanka 36 ya Iran yalikutwa yanapeperusha bendera ya Tanzania, usajili umefanywa kupitia wakala wa Zanzibar aliyekuwa Dubai, wakati Iran iko chini ya vikwazo. Serikali ikalazimika kuyafuta. Mwishoni mwa 2017 meli ya Kaluba ikakamatwa karibu na Jamhuri ya Dominika na kokeini, na Januari 2018 Andromeda ikanaswa na Ugiriki na vifaa vya milipuko. Zote mbili bendera yetu. Rais Magufuli akasimamisha usajili wa meli za nje na kuamuru meli zaidi ya 400 zilizokwisha kusajiliwa zichunguzwe.

Matokeo yake aliyapata baharia. Bendera yetu imekaa miaka mingi kwenye orodha nyeusi ya Paris MoU, yaani ule ushirikiano wa ukaguzi wa bandari za Ulaya na Kanada, na meli ya orodha nyeusi inakaguliwa mara kwa mara kuliko nyingine. Wateja wazuri wanaikwepa, inabaki na wale wasiojali. Nataka Zanzibar ipate mapato, kaka, hapo ni kwetu sote. Nataka ipate kwa meli chache zilizokaguliwa.

Mama wa Mikindani

Asalaam aleikum. Mimi si baharia, ni mzazi, nipo Mombasa. Mwanangu ameitwa kazi kwenye tanka la mafuta. Ndege ni kesho kutwa usiku kutoka Nairobi, leo jioni anapanda basi. Mshahara ni mkubwa, wamesema dola 2,400 na yeye ni mara yake ya kwanza. Nimesoma hapo juu mmesema mtu ajiulize. Naomba mnieleze taratibu, mimi nitaelewa.

Serahangi Mstaafu

Waaleikum salaam mama. Nitakueleza.

Mafuta ya Urusi, ya Iran na ya Venezuela yaliwekewa vikwazo na nchi za Magharibi. Kwa Urusi, Desemba 2022 mataifa ya G7, kundi la nchi saba tajiri, na Ulaya yaliweka bei ya juu ya dola 60 kwa pipa: aliyenunua juu ya hapo hakupata bima wala huduma za kampuni zao. Mafuta yakatafuta njia nyingine. Wafanyabiashara wa mafuta hayo wakanunua matanka yaliyochoka, mengi yana miaka zaidi ya 15, wakayasajili kwenye bendera zisizouliza maswali, na mengine hayajasajiliwa popote: yanajidai tu kuwa na bendera. Duniani huitwa meli za kivuli. Zinazima mtambo unaoonyesha meli ilipo, zinabadilisha jina, zinahamisha mafuta kutoka meli hadi meli katikati ya bahari. IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini, ilipitisha azimio Desemba 2023 kuzitaka nchi zibane mchezo huo.

Nikupe meli moja uione. Aprili 2025 Estonia ilizuia tanka lililoitwa Kiwala, lilijitambulisha kwa bendera ya Djibouti, Djibouti haikuwa nayo kwenye rejista. Septemba mwaka huohuo makomando wa Ufaransa walipanda tanka liitwalo Boracay karibu na pwani yao, wakataka karatasi za uraia wa meli. Ni chombo kilekile, jina jipya, bendera nyingine. Nahodha akafunguliwa mashtaka Ufaransa. Yeye, mama, si mwenye meli. Mwenye meli hakuwepo.

Ubaya wake kisheria ni huu. Meli inayopeperusha bendera ya uongo inahesabika haina taifa. Manowari ya nchi yoyote inaweza kuipanda na kuikagua huko bahari kuu, kifungu cha 110 cha Sheria ya Bahari kinaruhusu. Na kwa kuwa haina taifa, haina aliyekagua kama kruu wanalipwa, na kile cheti cha ukutani nilichokisema kinaweza kuwa karatasi tupu iliyochapwa dukani. Tanka likipasuka, likishika moto, likikamatwa, mwanao hana nchi ya bendera ya kuilalamikia.

Mwambie adai namba ya IMO ya meli, sasa hivi, kabla ya basi. Ni tarakimu saba. Jina hubadilika, bendera hubadilika, namba hiyo haibadiliki tangu meli inaundwa hadi inakatwa chuma chakavu. Akiipata aingie Equasis, ni tovuti ya bure, anajisajili kwa barua pepe. Ataona majina ya zamani, mwenye meli, umri, mara ngapi imezuiwa bandarini. Bendera ya uongo huandikwa hivyohivyo, neno "False" pembeni ya jina la nchi. Pia ILO ina orodha ya wazi ya meli zilizowahi kutelekeza mabaharia.

Wakili wa Pwani

Niongeze kidogo kwa faida ya wengi, maana watu hudhani meli ikikimbia na mshahara umekimbia. Deni la mshahara wa baharia linaishikilia meli yenyewe, hata ikiuzwa. Kesi hufunguliwa dhidi ya chombo, mahakama inatoa amri kikamatwe, afisa wa mahakama anabandika hati mlingotini au kwenye chumba cha usukani, na haiondoki hadi dhamana iwekwe. Isipowekwa, inaweza kuuzwa kwa mnada, na mishahara ya kruu hulipwa mbele ya benki iliyoikopesha meli. Kenya na Tanzania zote Mahakama Kuu ina mamlaka hayo.

Wanaopoteza haki mara nyingi ni wale waliosaini. Mwenye meli anatuma mtu na dola 500 taslimu na karatasi imeandikwa "nimelipwa stahiki zangu zote". Mtu ana njaa, anasaini, anapewa tiketi. Hapo wakili hana pa kushika.

Serahangi Mstaafu

Wakili, Mungu akubariki. Sisi tuliletewa karatasi hiyohiyo, kwa lanchi, mwezi wa tano. Wenzangu wanne walisaini. Siwalaumu, mmoja wao mtoto wake alikuwa amelazwa.

Niongeze kisa cha kutahadharisha. Misri, meli ya Aman ilizuiwa 2017 kwa ajili ya vyeti vya usalama na madeni. Mahakama ikamteua baharia mmoja Msyria, chifu meti (ofisa anayemfuata nahodha), awe mlinzi wa kisheria wa meli. Alisaini bila kuelewa uzito wake. Wenzake wakaondoka mmoja mmoja, yeye akabaki hadi Aprili 2021, karibu miaka minne. Mwishoni alikuwa peke yake, hakuna umeme, anaogelea hadi ufukweni kuchaji simu na kununua chakula. Aliyemfungua ni ITF, kwa kumpa mwakilishi wa kuchukua nafasi yake. Kwa hiyo ukiletewa karatasi ya mahakama kwa lugha usiyoisoma, usisaini kabla hujampigia mkaguzi wa ITF au ubalozi.

KijanaWaChuo

Mkuu nimeenda leo kuuliza. Wakala wangu hana leseni. Nimemwambia anirudishie laki nane niliyotanguliza, ameniambia nisubiri Ijumaa.

Serahangi Mstaafu

Ijumaa usiende peke yako. Mchukue mjomba wako na nakala ya muamala wa simu. Asipolipa, nenda na nakala hiyo kwa mamlaka siku ileile, halafu polisi. Andika hapa kilichotokea.

Mama wa Mikindani

Nimerudi. Wakala alikataa kutoa ile namba mara mbili, mara ya tatu akaitoa kwa hasira. Kijana alikuwa tayari ndani ya basi, akaangalia kwa simu njiani. Tanka lina miaka 23. Majina matatu tangu mwaka jana. Penye bendera pameandikwa lile neno ulilosema, "False". Alinipigia hawezi kuongea vizuri. Nikamwambia shuka. Ameshuka Mtito Andei, amekaa na begi lake anasubiri basi la kurudi Mombasa. Kuna pesa ametoa kwa wakala, elfu sitini, tuliuza ng'ombe. Sasa tufanyeje?

Serahangi Mstaafu

Mama, pole sana, na hongera kwa kumshusha. Pesa tutaifuatilia. Asifute ujumbe hata mmoja wa wakala, hata zile sauti za WhatsApp, na wewe usimpigie kumgombeza, maana akijua mnakwenda kushitaki atazima laini. Kesho asubuhi nendeni KMA mkiwa na mkataba, ile namba ya IMO, picha ya ukurasa wa Equasis na ujumbe wa M-Pesa, viwe vimechapwa kwenye karatasi, siyo kwenye simu tu. Waombeni barua yenye muhuri kuonyesha mmepokelewa. Kutoka hapo muone mkaguzi wa ITF, yupo Mombasa hapohapo, mumpe jina la meli, kwa sababu kama wakala huyu amempeleka mwanao atakuwa amepeleka na wengine, na hao wako ndani sasa hivi.

Niandikie saa ngapi basi lake linafika. Nina mwenzangu tuliyesafiri naye, anakaa Changamwe, atakwenda kumpokea.